Kiatu Hakina Kosa

Sumbawanga, Jumanne mchana

Gaude mwanangu,

Umeme umekatika tangu saa tano na mashine ya kusaga imelala. Wateja wameacha madebe yao kwenye foleni wakaenda zao. Wewe na mama yako mko sokoni mnatafuta kufuli la sanduku. Nimefunga mlango kwa ndani, nimechukua daftari lako la zamani la jiografia ambalo kurasa za nyuma hukuzitumia, kwa sababu nina jambo ambalo mdomo wangu umeshindwa kulitoa kwa miaka mingi, na kesho alfajiri basi lako la kwenda chuoni Mbeya halitaningoja.

Habari za blanketi, ndoo, chumvi na watu wenye maneno matamu nimemwachia mama yako. Amekuwa akizirudia tangu Pasaka, na naona siku hizi unamjibu kwa kichwa tu. Mimi nitakuandikia makosa yangu. Hayo nayajua vizuri kuliko mtu yeyote, na nikifa hakuna atakayekusimulia, maana wenzangu waliokuwepo wana sababu zao za kunyamaza. Barua hii nitakupa dirishani ukishakaa kwenye kiti chako, nisiweze kukunyang'anya tena.

Nianze na Jumapili. Baada ya misa ulivaa vile viatu vyeusi vya chuo ukatembea mbele yangu uani, ukasema, "Baba, hiki cha kulia kinanibana hapa nyuma." Ukainama, ukajipapasa juu ya kisigino. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, macho yangu sawasawa na mguu wako, nikaona. Kwenye ule mshipa mgumu unaoshuka nyuma ya kisigino kuna uvimbe mdogo, mgumu, kama punje ya hindi iliyofichwa chini ya ngozi. Nikakujibu, "Kiatu kipya hicho, kitalegea." Tangu siku ile sijalala vizuri. Mama yako anadhani ni uchungu wa kukuaga.

Uvimbe ule naujua, Gaude. Ninao mimi, miguu yote miwili. Alikuwa nao babu yako. Alikuwa nao shangazi yako Siksta, na kwa ajili ya shangazi yako ndiyo maana nimefunga mlango.

Siksta unamkumbuka kidogo. Ulikuwa na miaka mitano alipoondoka kijijini kwetu Kate, na ulikuwa hutaki kula ugali wa mtu mwingine ila wake. Kila ulipouliza ameenda wapi, nilikuambia amefuata biashara ya dagaa kule ziwani, Kabwe. Biashara ya dagaa aliifanya kweli, lakini hakuifuata. Tulimfukuza. Ngoja niseme vizuri: nilimfukuza.

Ilianza na babu yako. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Alitoa gunia la mahindi ghalani, akalitua uani, akasema kifua kinambana, akakaa juu ya gunia lile lile. Hakuinuka tena. Alikuwa hajafikisha miaka arobaini na tano, mtu mwembamba, nyama akiila Krismasi na Pasaka, siku nyingine zote ugali wa ulezi na maharage. Watu walisema mengi lakini kwa sauti ya chini, kwa sababu kifo kimoja hakitoshi kumtaja mtu.

Kisha akafa Kalisto, baba yako mkubwa. Alikuwa ameita watu wamsaidie kulima ntumba, yale matuta ya duara tunayofukia majani yaoze, na wewe unajua kazi ile jinsi inavyovunja mgongo. Dada Siksta ndiye aliyewapikia, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa jirani na shamba, na kwetu dada akiwa karibu huwezi kumpa jirani sufuria. Kalisto akala, akanywa maji, akarudi shambani, akapiga jembe mara tatu, ya nne akaliegemea. Wenzake walidhani anapumzika. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, nguvu za kubeba ndama begani.

Siku ya kuanua matanga ukoo ukakaa. Safari hii hakuna aliyenong'ona. Wanaume wawili wa nyumba moja, wote wazima, wote ghafla, na wa pili ametoka kula kwa dada yake. Mjomba mmoja akasema kikulacho ki nguoni mwako, na watu wakageuza shingo kumtazama Siksta. Alikuwa amekaa chini na wanawake, kanga ya msiba kichwani, hajajua bado kwamba ni yeye.

Dada yangu alikuwa na mabaka kwenye kope, upande wa pua. Mabaka ya njano, yameinuka kidogo, laini. Hayakuwasha wala hayakuuma. Watu wakasema hayo ni mafuta ya wafu, anajipaka ili aone usiku, na ndiyo maana yanazidi kila anapozika. Baadhi ya waliosema hivyo walikuwa na rozari mkononi. Mwenyekiti wa kikao akaona jambo ni zito, akanigeukia mimi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nilikuwa mtu wa mjini, neno langu lilikuwa na uzito kuliko umri wangu.

"Patrisi, wewe umesoma. Unasemaje?"

Nikasema, "Baba alipokufa mabaka yalikuwa madogo. Sasa yameenea."

Basi. Neno mchawi sikulitamka. Nilisema nilichokiona kwa macho yangu na kilikuwa kweli, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, maana uongo ningeweza kuutubu kwa padri ukaisha. Nilikuwa na ukweli nusu, nikaukabidhi kwa watu waliokuwa tayari na mawe mkononi. Wazee husema mdomo uliponza kichwa. Changu kilisalimika, kilichoponzwa ni kichwa cha dada yangu.

Siksta alinitazama mimi tu. Akasema kwa Kifipa, bila kupandisha sauti, "Patrisi, mimi nimekubeba mgongoni." Nikatazama chini. Jioni ile vijana wakarusha mawe juu ya bati lake, na asubuhi akapanda lori la mahindi lililokuwa linateremka Kabwe, yeye na godoro na sufuria mbili. Ulilia ukitaka kupanda naye. Mimi ndiye niliyekushika.

Miaka minane nilijiambia tumefanya la maana, kwa sababu baada ya hapo hakufa mtu. Ukitafuta ushahidi wa ubaya wako kuwa wema, mwanangu, hutaukosa.

Ukiwa kidato cha kwanza, ulinikuta nimelazwa. Nilikuambia ni presha. Nilichagua presha kwa kuwa ni ugonjwa wa heshima, kila mzee wa mtaa wetu anao na hakuna anayeuliza zaidi. Ukweli ni kwamba nilikuwa hapa hapa kwenye mashine, nimeinua gunia, kifua kikabana kama mtu kanikalia, maumivu yakateremka mkono wa kushoto na kupanda kwenye taya, jasho likanitoka na ilikuwa Juni, baridi yetu unaijua. Nikakaa juu ya gunia. Nilipojiona nimekaa juu ya gunia nilimkumbuka baba, nikajua nakufa.

Daktari alikuwa msichana, pengine amekuzidi miaka kumi na mitatu. Baada ya vipimo akaniambia mishipa ya moyo imeanza kuziba, kwamba damu yangu ina mafuta mengi mno, yale wanayoyaita lehemu. Nikacheka, pamoja na maumivu yote. Nikamwambia aniangalie vizuri, mtu mkondefu kama mimi mafuta yatakaa wapi, mafuta ni ya hao wenye vitambi wanaokula kitimoto kila jioni. Hakucheka. Alinivua soksi yeye mwenyewe, akashika visigino, akapapasa viwiko. Akaeleza kwamba wako watu ambao ini lao halijui kuyaondoa mafuta hayo kwenye damu, wamezaliwa hivyo, wanene kwa wembamba. Yanajikusanya tangu utotoni. Yanaganda kwenye mishipa ya moyo na ya kichwa, na mengine yanatokeza chini ya ngozi. Mwenye nayo hasikii chochote, anafanya kazi, anacheza ngoma, mpaka siku moja.

Kisha akauliza, "Mzee, kwenu kuna mwingine mwenye vitu hivi? Wakati mwingine vinatokea na machoni." Akafungua simu yake akanionyesha picha ya mtu fulani, macho tu. Mabaka ya njano, kwenye kope, upande wa pua.

Nilikuwa natazama macho ya dada yangu kwenye simu ya mtu nisiyemjua. Nikamwambia hakuna. Hapana, kwetu hakuna.

Unaona nilivyo. Hata pale, na mipira ya hewa puani, nilimkana. Daktari akaniambia pia kwamba mzazi mwenye ugonjwa huu, kila mtoto wake ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuupata, mvulana kwa msichana, na kwamba ukijulikana mapema kuna vidonge vinavyoyashusha mafuta na mtu akazeeka kama wengine. Akasema niwalete watoto wapimwe. Mtoto ninaye mmoja, nikamwambia nitamleta.

Vidonge nilimeza miezi miwili. Nikajiona mzima, na mtu mzima wa nini na dawa? Pia niliogopa watu. Mji huu ukionekana kila mwezi dirisha la dawa, mtaa unakuandikia ugonjwa wanaoutaka wenyewe. Nikawa navifukia kwenye debe la pumba, mama yako akidhani vimekwisha kwa kumezwa. Kuku wa jirani labda ndio waliofaidi. Mwaka uliofuata nikaanguka Laela, nimekwenda kununua mahindi, mbele ya abiria wa basi zima. Safari hiyo moyo ulikufa kipande. Si mafumbo, daktari alinionyesha kwenye skrini sehemu isiyocheza. Ndiyo maana siku hizi sinyanyui hata debe, na ndiyo maana kesho sanduku lako atalibeba mama yako na jirani, mimi nitasimama pembeni nimeshika mwavuli kama bwana mkubwa. Watu watanisema. Nilitaka wewe ujue.

Niliporuhusiwa kutoka, nilikwenda Kabwe. Niliwaambia nakwenda kutafuta wanunuzi wa unga.

Nilimkuta dada amekaa kwenye kichanja cha dagaa, anageuza kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa umelala mapajani, ulipooza mwaka wa nyuma. Mabaka yalikuwa yamezunguka macho yote. Hakushtuka kuniona. Nilisema shikamoo, hakuitikia, aliendelea kugeuza dagaa mpaka akamaliza upande ule.

"Umekuja kunisamehe au kuniomba msamaha?"

Nilivua viatu na soksi, nikakaa mbele yake kwenye mchanga, nikamgeuzia visigino. Akavishika kwa ule mkono mzima, kimoja kimoja, akasema, "Kumbe na wewe." Kisha akaniambia baba alikuwa navyo, yeye ndiye aliyekuwa akimkanda miguu kila akirudi shamba. Na Kalisto alikuwa navyo tangu kijana.

Nikamuuliza mbona hakusema siku ile kwenye kikao.

Akasema, "Nani aliniuliza?"

Nililia, Gaude. Sijalia hivyo kwenye msiba wowote. Nilimwambia yote aliyosema daktari, ini, mishipa, picha ya kwenye simu. Alisikiliza kama mtu anayesimuliwa habari za kijiji kingine. Nilipomaliza nilimsihi turudi wote, nitasimama mbele ya ukoo niseme. Akasema, "Nirudi Kate kama nani?" Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka. Niliporudi kwenye gari aliniachia neno moja tu, na halikuhusu yeye. Alisema, "Yule mtoto wako, mwangalie miguu."

Alikufa kabla ya mvua kuanza. Tulimzika Kabwe, mimi na majirani zake, watu waliomjua kama mama wa dagaa na hawakuwahi kumwogopa. Baadaye nilikwenda Kate nikauambia ukoo ukweli wote. Wachache walilia. Mjomba wangu alisema dawa za hospitali zimenilevya, na kwamba kama ni ugonjwa basi yeye Siksta ndiye aliyetuwekea. Watoto wa Kalisto niliwaomba mmoja mmoja wakapime, wakaniitikia vizuri kwa heshima, hakuna aliyekwenda. Siwezi kuwalaumu, maana mimi mwenyewe nilikuwa sijakupeleka wewe.

Hili ndilo kosa langu la mwisho na ndilo kubwa. Dada aliniambia nikuangalie miguu. Ni miaka minne sasa. Nilikuwa nikikuona unaosha miguu kisimani, nageuza uso. Nilisema akimaliza kidato cha nne. Ukamaliza, nikasema akimaliza cha sita. Nilijipa sababu nzuri: usije ukasoma kwa hofu, wasije watu wakasema binti yule ana damu mbaya, asije mchumba akarudi nyuma. Ukweli ni kwamba niliogopa kuona, kwa sababu nikiona nitakuwa nimekupa mimi. Mara moja nilitazama mwili wa mtu niliyempenda nikasema nilichokiona, na ukaona matokeo yake. Safari hii nikaona bora nisitazame kabisa. Kote kuwili nilikuwa mwoga.

Sasa sikiliza, sitakuchosha. Ukifika Mbeya, kabla hujajua hata njia ya bwalo, nenda hospitali useme unataka kupima mafuta kwenye damu. Watakutazama ulivyo, binti wa miaka ishirini, kiuno cha nyigu, watakuambia huna haja. Waambie baba yako alianguka mara mbili, babu yako alikufa hivi, baba yako mkubwa alikufa hivi, shangazi yako alipooza hivi. Waonyeshe kisigino. Usiondoke mpaka wakutoe damu. Wakikupa vidonge, umeze ukiwa mzima, kwa kuwa ndivyo vinavyofanya kazi, na siku utakayojisikia huvihitaji unikumbuke mimi Laela. Chipsi za chuoni najua utakula, sina ubavu wa kukukataza nikiwa huku. Ila usizifanye chakula cha kila siku. Lakini usije ukajidanganya kwamba ukila maboga na mboga za majani umemaliza kazi. Babu yako alikula ulezi maisha yake yote.

Na siku mtu atakapokupenda, mwambie. Akikimbia, mwache akimbie mapema. Watu wako waambie pia, kwa mdomo wako, majina ya waliotangulia na miguu yao. Kilichotuua sisi si mafuta peke yake. Baba alijua visigino vyake, Kalisto alijua vyake, Siksta alijua vyao na vyake, na mimi nilijua mabaka tu, na kila mtu alikaa na chake kimya mpaka tukaanza kuzikana.

Leo jioni nitamwambia mama yako. Anajua habari za kifua, hajui habari za miguu. Atanigombeza, na atakuwa na haki. Kama kesho utamwona macho mekundu, si uchungu wa kuagana.

Umeme umerudi, nasikia watu wanagonga mlango na madebe yao. Nimalize.

Basi likiondoka, vua kiatu cha kulia. Jishike hapo nyuma, taratibu, uujue uvimbe huo mwenyewe kwa mkono wako. Usitafute mtu wa kumlaumu, si Kate, si Kabwe, si hapa mtaani. Hakuna aliyekutupia kitu. Nimekupa mimi, kama baba alivyonipa, na Jumapili nilikiona nikakudanganya.

Kiatu hakina kosa, mwanangu. Hakitalegea. Nenda ukapime.

Baba yako,
Patrisi